Mwislamu Huitazamaje Injili ya Jirani Yake?

Katika nyumba za askari wa jeshi na polisi hakuna ukuta unaotenganisha dini. Koplo Mkristo na sajini Mwislamu huishi mlango kwa mlango, wake zao huteka maji katika bomba moja, na watoto wao huvaa sare moja ya shule. Ijumaa mmoja huenda msikitini. Jumapili mwenzake huenda kanisani. Na usiku wote wawili huweza kupangwa katika lindo moja. Maisha ya namna hii huzaa urafiki, lakini huzaa maswali pia, na mojawapo linalorudi mara kwa mara ni hili: Mwislamu huitazamaje Biblia ya jirani yake? Huiamini? Huikataa? Au huiamini nusu na kuikataa nusu?

Swali hili si la mchezo, na mara nyingi hujibiwa kwa haraka na watu wasio na habari kamili. Yuko asemaye kwamba Uislamu hauna haja hata kidogo na vitabu vilivyotangulia. Yuko pia asemaye kwamba, kwa kuwa Kurani inaitaja Injili kwa heshima, basi hakuna tofauti yoyote kati ya dini hizi mbili. Majibu yote mawili yana kasoro. Makala haya yanakusudia kueleza kwa utaratibu yale ambayo Uislamu wenyewe hufundisha juu ya jambo hili, mahali wanazuoni wake walipokubaliana, mahali walipohitilafiana, na faida tunayoweza kuipata majumbani mwetu. Si kusudi letu kumtoa mtu katika dini yake na kumtia katika nyingine.

KUAMINI VITABU NI NGUZO YA IMANI

Mtoto wa Kiislamu anapoanza chuo hufundishwa nguzo sita za imani: kumwamini Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari. Yafaa tuitazame vizuri nguzo ya tatu. Haikusemwa "kitabu" bali "vitabu". Maana yake ni kwamba mtu hawezi kuwa Mwislamu kamili kwa kuiamini Kurani peke yake huku akikana kwamba Mungu alipata kuteremsha vitabu vingine kabla yake.

Vitabu hivyo vinajulikana kwa majina. Taurati aliteremshiwa Nabii Musa, Zaburi Nabii Daudi, Injili Nabii Isa, na Kurani Mtume Muhammad. Tena Kurani inazitaja kurasa za Nabii Ibrahimu, ambazo kwa Kiarabu huitwa suhufu. Katika Sura ya 2, aya ya 136, Waislamu wanaamrishwa kutamka kwamba wameyaamini yale aliyopewa Musa na Isa na manabii wengine, na kwamba hawambagui hata mmoja miongoni mwao. Sura ya 5 inaeleza, katika aya ya 44, kwamba ndani ya Taurati mlikuwa na uongofu na nuru. Na katika aya ya 46 inatumia maneno hayo hayo kwa Injili.

Nabii Isa anatajwa kwa jina lake mara 25 katika Kurani. Mama yake Maryamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa humo kwa jina, na sura nzima, ya 19, inaitwa kwa jina lake. Kuhusu Zaburi liko jambo la kupendeza zaidi: Sura ya 21, aya ya 105, inakumbusha kwamba iliandikwa katika Zaburi ya kuwa waja wema wa Mungu ndio watakaoirithi nchi. Mkristo akifungua Zaburi ya 37, mstari wa 29, atakuta maana hiyo hiyo.

Kutokana na hayo tunaweza kusema kwa uhakika jambo la kwanza: Mwislamu anayeitukana Taurati, Zaburi au Injili anaivunja nguzo ya imani yake mwenyewe.

INJILI IPI?

Hapa ndipo penye njia panda. Neno ni moja, lakini Mwislamu na Mkristo hawalitumii kwa maana moja.

Kwa Mwislamu, Injili ni kitabu kimoja alichopewa Nabii Isa na Mungu, kama vile Kurani ilivyoteremshwa kwa Mtume Muhammad. Kwa Mkristo, Injili kwanza ni habari njema yenyewe, yaani habari ya Yesu Kristo. Kisha ni vile vitabu vinne vya Mathayo, Marko, Luka na Yohana, vilivyoandikwa baadaye na wafuasi ili kuishuhudia habari hiyo. Vitabu hivyo vinne ni sehemu ya Agano Jipya lenye vitabu 27. Mkristo hasemi kwamba Yesu alikabidhiwa kitabu akakigawa kwa wanafunzi wake. Kwake yeye, Yesu mwenyewe ndiye Neno la Mungu.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa dini husema kwamba kuilinganisha Kurani na Biblia moja kwa moja kwaweza kumpotosha mtu. Nafasi ambayo Kurani inayo katika moyo wa Mwislamu hufanana zaidi na nafasi aliyo nayo Kristo mwenyewe katika moyo wa Mkristo. Askari wawili wanaobishana juu ya neno "Injili" bila kulijua jambo hili ni kama watu wawili waliopewa ramani mbili za milima miwili, na kila mmoja akamlaumu mwenzake kwa kutoiona njia.

Basi, Mwislamu anapoulizwa kama anaiamini Injili hujibu kwamba anaiamini ile aliyopewa Nabii Isa. Akiulizwa kama vitabu vinne vilivyomo katika Biblia ndiyo Injili hiyo, wengi hujibu kwamba ndani yake mna sehemu ya Injili hiyo pamoja na maneno ya wanadamu walioandika habari za Isa. Tena Kurani haikubaliani na Wakristo juu ya mambo makubwa: inakataa kwamba Isa ni Mwana wa Mungu, na katika Sura ya 4, aya ya 157, inakataa kwamba alisulubiwa. Tofauti hizi si ndogo, wala hazifutiki kwa maneno matamu. Mkristo akiutoa msalaba katika imani yake hana kinachobaki. Mwislamu akiukubali ameikataa aya ya kitabu chake.

Kurani yenyewe inajieleza, katika Sura ya 5, aya ya 48, kuwa imekuja kusadikisha vitabu vilivyotangulia na kuwa "muhaymin" juu yake. Neno hili la Kiarabu hufasiriwa kuwa mlinzi, shahidi na mwamuzi. Ndiyo kusema, Mwislamu huvipima vitabu vya kale kwa Kurani: kinachoafikiana nayo hukikubali, kinachopingana nayo hukikataa, na kile ambacho Kurani imekinyamazia hukiacha bila kukisadiki wala kukikadhibisha.

Msimamo huo wa mwisho una asili yake katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuhifadhiwa na Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870. Inasimuliwa kwamba Watu wa Kitabu walikuwa wakiisoma Taurati kwa Kiebrania na kuwafasiria Waislamu kwa Kiarabu. Mtume akawaagiza wafuasi wake wasiwasadiki wala wasiwakadhibishe, bali waseme wanayaamini yote aliyoyateremsha Mungu. Agizo hilo linamkinga mtu na hatari mbili kwa pamoja: hatari ya kuukubali uongo, na hatari ya kuukataa ukweli uliotoka kwa Mungu.

MFALME WA UHABESHI

Historia ya mwanzo ya Uislamu inatuonyesha kwamba watu waliokisoma kitabu cha kale walikuwa karibu sana na Mtume. Ufunuo wa kwanza ulipomjia, yapata mwaka 610, mkewe Bi Khadija alimpeleka kwa binamu yake, mzee Waraka bin Naufali. Mzee huyo alikuwa ameingia katika Ukristo na alikuwa akiiandika Injili. Wakati huo alikuwa amekwisha pofuka. Ndiye aliyemhakikishia kwamba aliyemjia ni yule yule aliyemjia Musa.

Kisa cha pili kilitukia katika bara letu la Afrika. Mnamo mwaka 615, mateso ya Makka yalipozidi, Mtume aliwaruhusu wafuasi wake kukimbilia Uhabeshi, nchi ya mfalme Mkristo. Wakuu wa Makka walituma wajumbe wenye zawadi ili wakimbizi wale warudishwe. Mfalme, ambaye Waarabu walimwita Najashi, hakukubali kuwatoa watu kabla ya kuwasikiliza. Jaafar bin Abi Talib akasimama kuwasemea wenzake, na alipoombwa asome sehemu ya yale aliyokuja nayo Mtume wao, alisoma mwanzo wa Sura ya Maryamu. Wapokezi wa sira wanasimulia kwamba mfalme alilia mpaka ndevu zake zikalowa, na maaskofu wake wakalia pamoja naye. Kisha akasema kwamba maneno hayo na yale aliyoyaleta Isa yametoka katika taa moja. Wakimbizi hawakurudishwa.

Ndugu wasomaji, ninyi mnaolinda mipaka na mnaowapokea wakimbizi mnafahamu uzito wa uamuzi kama huo. Mfalme Mkristo aliwalinda Waislamu baada ya kusikia katika kitabu chao habari aliyoijua katika kitabu chake. Hakuwauliza kwanza kama walikubaliana naye katika kila neno.

MANENO YALIBADILISHWA, AU MAANA?

Sasa tuligeukie suala ambalo limeleta mabishano mengi kuliko yote. Kurani inawalaumu baadhi ya Watu wa Kitabu kwa kuyaondoa maneno mahali pake, kwa kupinda ndimi zao wanaposoma, na kwa kuandika kitu kwa mikono yao kisha wakasema kimetoka kwa Mungu. Aya hizo zimo katika Sura za 2, 3, 4 na 5. Wanazuoni waliliita jambo hili "tahrifu", yaani upotoshaji. Lakini je, ni maneno ya kitabu yaliyobadilishwa, au ni maana yake? Wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba wanazuoni wa Kiislamu hawakulijibu swali hili kwa sauti moja.

Ibn Hazm wa Cordoba, katika Hispania, aliyeishi kuanzia 994 hadi 1064, alishika msimamo mkali. Yeye alisema maneno yenyewe yalibadilishwa, na alikusanya mifano mingi ya mahali alipoona vitabu vinapingana, kwa mfano nasaba ya Yesu kama ilivyo katika Mathayo na kama ilivyo katika Luka.

Fakhrudini Razi, mfasiri mkubwa wa Kurani aliyefariki mwaka 1209, alitilia shaka uwezekano huo. Aliona kwamba kitabu kilichokwisha enea mashariki na magharibi, na kushikwa na watu wengi wasiojuana, ni vigumu wote wakubaliane kukibadilisha. Kwa hiyo aliipa nguvu rai ya kwamba upotoshaji ulikuwa katika tafsiri. Ibn Khalduni, mwanahistoria mashuhuri wa Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 1406, alielekea upande huo pia.

Ibn Taymiyya wa Damascus, aliyefariki mwaka 1328, alichukua njia ya katikati. Aliandika kitabu kirefu kuwajibu Wakristo wa kisiwa cha Cyprus, naye hakusema kwamba Biblia yote ni uongo. Alieleza kwamba upotoshaji wa maana ni mwingi na unajulikana, ama ule wa maneno uko katika baadhi ya mahali, na kwamba ukweli mwingi bado umebaki ndani yake.

Kwa upande wao, Wakristo hujitetea kwa nakala za kale. Ziko nakala za Biblia zilizoandikwa katika karne ya 4, kama ile iitwayo Codex Sinaiticus, ambayo sehemu yake kubwa imehifadhiwa London, na ile ya Vatikani. Nakala hizo zilikwisha andikwa zaidi ya miaka 200 kabla Mtume Muhammad hajazaliwa, na Injili zilizomo ni hizo hizo nne. Mwislamu anayeshika rai ya Ibn Hazm hujibu kwamba yeye anauliza juu ya kipindi cha kabla ya nakala hizo. Kwa hiyo ugomvi huu haumalizwi kwa kupayuka kibarazani. Ni kazi ya watu waliosoma lugha za kale na historia.

MZOZO WA CAIRO

Ili msomaji aone kwamba mjadala huu uliwahi kuwa mkali hata baina ya Waislamu wenyewe, na tutazame yaliyotokea katika mji wa Cairo katika karne ya 15.

Alikuwako mwanazuoni aitwaye Burhanudini Ibrahim al-Biqai, aliyezaliwa mwaka 1406 katika bonde la Biqaa, ambalo leo limo nchini Lebanoni. Alipoandika tafsiri yake kubwa ya Kurani alifanya jambo lisilokuwa la kawaida: kila alipofikia habari za Musa, Daudi au Isa, alinukuu vipande virefu kutoka katika Taurati na Injili zilizokuwa mikononi mwa Mayahudi na Wakristo, akavitumia kuifafanua Kurani. Baadhi ya wanazuoni walikasirika. Mpinzani wake mkubwa alikuwa as-Sakhawi, bingwa wa historia na hadithi, aliyeandika kitabu kuharimisha kunukuu kutoka katika Taurati na Injili.

Al-Biqai naye hakunyamaza. Aliandika kitabu cha kujitetea, akaonyesha kwamba wanazuoni waliomtangulia walikuwa wamenukuu vitabu hivyo, tena akapata maandishi ya kumuunga mkono kutoka kwa makadhi na wanazuoni wakubwa wa mji ule. Mwenyewe hakuwa mtu laini kwa Wakristo, wala hakuyakubali mafundisho yao. Lakini aliona kwamba aliyeamrishwa kuviamini vitabu vya Mungu hawezi kukatazwa kuvifungua. Alifariki Damascus mwaka 1480, na tafsiri yake inasomwa hata leo.

Kwa hiyo mtu asidanganywe na yeyote anayesema kwamba katika Uislamu jambo hili lina jibu moja tu na kwamba anayeuliza ameasi. Kuuliza si ujinga.

KUTOKA AGRA HADI MIHADHARA YETU

Katika karne ya 19 wamisionari wa Ulaya walipoingia kwa wingi katika nchi za Waislamu, mjadala ulibadilika sura ukawa mashindano ya hadharani. Mwezi wa Aprili 1854, katika mji wa Agra nchini India, Sheikh Rahmatullah Kairanawi alikabiliana na mmisionari Mjerumani, Karl Pfander. Sheikh huyo alitumia hata maandishi ya wataalamu wa Ulaya waliokuwa wakiichambua Biblia yao wenyewe, na miaka kumi baadaye kitabu chake, Izhar al-Haqq, kilitokea kwa Kiarabu. Lakini katika nchi hiyo hiyo ya India, Sayyid Ahmad Khan alianza mwaka 1862 kuchapisha maelezo juu ya Biblia, akiyaandika kama Mwislamu anayeiheshimu na asiyeamini kwamba maneno yake yalichezewa kwa jumla.

Njia ya Kairanawi ndiyo iliyoendelea zaidi. Ilifika Durban, Afrika Kusini, alikoishi Ahmed Deedat, aliyefariki mwaka 2005 na ambaye kanda zake zilienea Afrika nzima. Kuanzia miaka ya 1980, wahubiri wa Kiislamu katika nchi za Afrika Mashariki walisimama viwanjani wakiwa na Biblia mkononi, wakiisoma kwa Kiswahili mbele ya umati. Na wahubiri wa Kikristo wakawajibu kwa kuisoma Kurani.

Liko jambo moja katika mihadhara hiyo ambalo wasikilizaji wengi hawalioni. Mhubiri wa Kiislamu huyatumia maneno ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, na ya Yohana, sura ya 14, kuwa ushahidi kwamba Mtume Muhammad alitabiriwa. Anafanya hivyo kwa kuwa Kurani, katika Sura ya 7, aya ya 157, inasema kwamba Mtume ametajwa katika Taurati na Injili. Mkristo huyafasiri maneno hayo hayo vingine, hasa yale ya Yohana, ambayo kwake yanamhusu Roho Mtakatifu. Lakini anayekiita kitabu shahidi wake hawezi tena kusema kwamba shahidi huyo ni mwongo mtupu. Polisi wetu wanalijua hilo vizuri kutoka mahakamani.

KATIKA BARAZA LA KABAKA MUTESA

Sisi wa Uganda tunayo sababu yetu wenyewe ya kulitazama jambo hili kwa makini, maana vitabu hivi vilikutana barazani kwa Kabaka kabla ya kukutana popote pengine katika nchi yetu.

Uislamu ulifika Buganda wakati wa Kabaka Suna, yapata mwaka 1844, pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Mwanawe Mutesa, aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1884, alifunga Ramadhani kwa miaka ipatayo kumi na kusoma Kurani. Mwaka 1875 akafika Henry Stanley, na pamoja na kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa katika shule ya misheni Zanzibar, vipande vya Biblia vikatafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Kabaka. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki ili aendelee kusoma. Wamisionari wa Kiprotestanti waliwasili mwaka 1877 na wa Kikatoliki mwaka 1879. Mbele ya Mutesa walibishana juu ya Isa, juu ya Muhammad na juu ya vitabu vyao, na Kiswahili kilitumika katika mabishano hayo.

Matokeo yake tunayajua. Mwaka 1876 vijana Waislamu wa ikulu waliuawa kwa kukataa kula nyama iliyochinjwa na asiyekuwa Mwislamu. Miaka kumi baadaye vijana Wakristo wakachomwa moto Namugongo. Septemba 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Kabaka Mwanga. Mwezi uliofuata Waislamu wakawafukuza Wakristo. Kisha Wakristo wakarudi na bunduki. Na Januari 1892, huko Mengo, waliopigana hawakuwa tena Mwislamu na Mkristo, bali Mkatoliki na Mprotestanti, watu wenye Injili zile zile nne.

Jambo hilo la mwisho lina fundisho kubwa. Kama kitabu kimoja kingetosha kuleta amani, Mengo pasingemwagika damu. Na kama vitabu viwili vingetosha kuleta vita, Najashi angewatoa wakimbizi wale. Watu walipigania madaraka, ardhi na bunduki, nacho kitabu kikafanywa bendera ya kukimbilia. Mwenye silaha mkononi hana budi kulikumbuka hili kuliko raia.

LUGHA YETU IMETANGULIA KUPATANA

Yafaa tukumbuke pia kwamba Kiswahili chenyewe kimewakalisha watu hawa pamoja siku nyingi. Biblia ya Kiswahili imejaa maneno yanayosikika msikitini: nabii, malaika, sala, dhambi, imani, Zaburi na Injili. Waliotafsiri Biblia hawakulazimika kuyabuni. Waliyakuta vinywani mwa watu wa pwani. Na tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1923, ilifanywa na padri, Godfrey Dale, wa misheni ya Zanzibar. Waislamu wengi hawakuridhika nayo, na hilo halishangazi; lakini iliwahimiza wanazuoni wao kufanya kazi hiyo wenyewe, mpaka Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipoikamilisha tafsiri yake mwaka 1969. Leo askari yeyote ajuaye kusoma anaweza kupata vitabu vyote viwili kwa lugha ile ile anayopewa amri kambini.

KATIKA NYUMBA ZETU

Baada ya hayo yote, mama wa nyumbani atauliza: mimi nifanye nini? Kwa maoni yetu, mambo manne yanatosha.

Kwanza, kitabu cha mwenzako kisifanywe kitu cha mzaha wala cha kufungia karanga. Mwislamu anajua kwamba karatasi yenye jina la Mungu haidhalilishwi, na katika Biblia jina hilo limejaa. Mkristo naye aiweke Kurani ya jirani yake mahali palipo safi, wala asiishike ovyo, maana mwenyewe huishika akiwa na udhu.

Pili, katika ndoa za dini mbili, ambazo si chache kambini, ikumbukwe kwamba Kurani, katika Sura ya 5, aya ya 5, inamruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke wa Watu wa Kitabu. Anaitwa hivyo kwa sababu anacho kitabu. Mume aliyemwoa kwa ruhusa hiyo hana haki ya kumfichia mkewe Biblia yake.

Tatu, mtoto anapouliza wazazi wasimwambie kwamba dini zote ni moja, wala wasimwambie kwamba wale wengine ni wajinga. Mweleze imani ya jirani kwa maneno ambayo jirani mwenyewe angeyakubali, kisha mweleze imani ya nyumbani kwenu na sababu yake. Mtoto aliyefundishwa hivyo hatatikiswa na maneno ya njiani, wala hatarusha jiwe.

Nne, anayetaka kujadiliana asome kwanza kitabu chake mwenyewe. Sura ya 29, aya ya 46, inawaagiza Waislamu wasijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Na Mkristo naye, katika Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, ameagizwa kulieleza tumaini lake kwa upole na kwa hofu. Vitabu viwili, agizo moja. Anayelivunja amekikosea kitabu chake kabla ya kumkosea jirani.

Mahakamani shahidi Mkristo huinua Biblia na shahidi Mwislamu huinua Kurani, na hakimu huwasikiliza wote wawili kwa usawa, kwa kuwa sheria inamtaka kila mmoja aape kwa kile anachokiogopa. Askari anayelala lindoni huku mwenzake akikesha anauweka uhai wake mikononi mwa mtu huyo. Hana haja ya kuisadiki kila aya ya kitabu cha mwenzake. Linalomfaa ni kujua kwamba mwenzake anacho kitabu, na kwamba anamwogopa Mungu aliyetajwa ndani yake.